Risasi Isiyo Yangu

Mimi ni Warigia, binti ya Wakonyo, fundi wa cherehani. Sijazoea kupewa vitu vya bure, na siku Theuri aliponipa kitu cha bure nilitaka kumzaba kofi mbele ya mama yake mzazi. Watu wa Kiganjo wamesimulia kisa hiki kila mtu na lake. Wengine wanasema nina kiburi, ati nilikataa bahati iliyoletwa mpaka mlangoni. Kiburi ninacho, sitakana. Lakini wacha niseme mwenyewe ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, mwaka wa sabini na tano, siku ya kuchagua timu. Klabu yetu ya shabaha ilitafuta watu wanne wa kwenda kushindana Nairobi mwezi wa Desemba. Mlima ulikuwa umejitokeza wote, na baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio. Nilikuwa nyuma ya stoo ya bunduki nikifunga vifungo vya koti langu la kupigia, nililojishonea kwa turubai na kulitia pamba viwikoni. Theuri akaja na kofia mkononi. Nikajua kuna neno, maana Theuri havui kofia bure.

"Warigia, jana niliongea na maitu," akasema. Maitu ni mama yake, Mama Watiri.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sioi mtu mwingine. Ni wewe ama nikae hivi hivi."

Jamani, moyo ulinidunda hadi nikakosea kifungo. Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu Januari. Nikajifanya naangalia mkanda wa bunduki.

"Na yeye akasema?"

"Amekubali kuja kwenu kupanda ithigi."

Kwetu, kijana akimtaka msichana, watu wake huja kupanda tawi bichi nyumbani kwa kina msichana, ili kila anayepita ajue huyu ameshaombwa. Hilo tawi ndilo ithigi. Nilikuwa nimeshaanza kuona langu likisimama pale karibu na mti wa parachichi wa mama. Halafu nikaona Theuri anaizungusha ile kofia.

"Lakini?" nikamwuliza.

"Lakini uingie kwa timu leo. Anasema kama ni kitu ya heshima, kitu inajulikana mpaka Nairobi, yeye atavumilia. Usipoingia, unaachana na bunduki. Nikamwambia ni sawa."

"Ukamwambia ni sawa."

"Eeh."

"Kwa mdomo wa nani, Theuri?"

"Niliona ni njia, Warigia. Unajua vile maitu ako."

"Na mimi unajua vile niko? Bega ni langu, jicho ni langu, halafu nyinyi mnakaa jikoni mnaamua mambo yangu na mimi sipo!"

"Punguza sauti. Amekuja. Ako pale kwa benchi."

Nikageuka. Kweli, Mama Watiri alikuwa amekaa wima kwenye benchi la watazamaji, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, kiondo mapajani. Nikaenda kumsalimia, maana adabu ni adabu hata ukiwa umekasirika. Akanipa mkono, macho yakabaki begani kwangu.

"Hilo bega ni la kubeba kuni na mtoto," akasema. "Wewe unaligongesha na chuma kila wiki. Mtoto utambebea wapi?"

"Mabega ni mawili, Maitu."

Mzee Moffat, mkuu wa uwanja, alikuwa karibu akinoa penseli. Akakohoa, lakini kile hakikuwa kikohozi. Mama Watiri hakucheka.

Sikuingia mchezo huu kwa mlango wa mbele. Niliingia na sindano. Nilikuwa nashona kwa Saumu, mama wa Kiislamu mwenye duka mjini Nyeri, na klabu ikamletea kazi ya kushona magunia ya kuwamba kwenye fremu za shabaha, pamoja na bendera nne za kuonyesha upepo. Saumu akanituma nipeleke kazi ilipokwisha, kwa sababu kwetu ni Kiganjo. Nikafika, nikawaona wanaume wamelala kifudifudi, wanapiga kitu kilicho mbali yadi mia sita, kidogo machoni kama stempu ya barua. Nikauliza mtu anaanzaje. Wakacheka. Moffat akasema, kwa mzaha, kwamba sheria ya klabu ni moja: mgeni hagusi bunduki kabla hajafanya kazi ya handaki msimu mzima.

"Naanza lini?" nikamwuliza.

Kicheko kikakatika.

Handaki liko chini ya shabaha. Unasimama ndani, risasi zinapita juu ya kichwa zikilia kama mjeledi, udongo unakuingia kwenye nywele. Risasi ikipita, unashusha shabaha, unaziba tundu kwa karatasi na gundi, unaipandisha tena, halafu unachukua mti mrefu wenye kisahani mwishoni na kuonyesha mahali risasi ilipoingia. Ikiwa haikugusa shabaha kabisa, unapeperusha bendera nyekundu, watu wote waone aibu ya mwenyewe. Aliyenifunza kazi hiyo ni Theuri. Yeye ni makanika, ana gereji ndogo pale Kiganjo, na Jumamosi alikuwa ndiye mwalimu wa wageni.

"Mtu akiwa kule juu haoni tundu," aliniambia siku ya kwanza. "Anaona tu ile kitu unamwonyesha. Wewe ndiye macho yake. Ukimdanganya, umemharibia."

"Hata kama ni kwa huruma?"

"Hiyo ndiyo mbaya kabisa."

Nilimwangalia. Alikuwa na karatasi imemganda shavuni na hakujua. Nadhani ni hapo nilipoanza kupotea, mimi niliyeapa kwamba mwanamume hatanisumbua akili.

Msimu ulipokwisha akanilaza kwenye mkeka. Hakunigusa hata mara moja. Alionyesha kwa ncha ya kiatu mahali mguu wangu unapotakiwa kukaa.

"Usiishike kama unanyonga kuku. Wacha mifupa ibebe. Sasa funga macho. Pumua mara tatu. Fungua. Bunduki inaangalia wapi?"

"Inaangalia shabaha ya jirani."

"Basi usiisukume na mkono. Mkono itachoka, itarudi pale pale. Songa tumbo, mwili yote igeuke."

Nikasonga. Kiatu chake kikagusa changu. Yeye akasahau alichokuwa anasema, mimi nikasahau pumzi ya nne. Ile risasi ya kwanza iliniachia bega la rangi ya zambarau wiki nzima, na mama alipolikanda kwa maji ya chumvi akashangaa kwa nini ninatabasamu.

Sasa rudi kwenye mashindano. Kila mtu risasi kumi, tano kwa kila inayopiga kati, kisha nne, tatu, mbili, kadiri unavyokwenda pembeni. Na iko desturi: ukishapiga, kabla shabaha haijashuka, unamtajia mwandishi wako mahali unapodhani imeingia. Inakufunza kutojidanganya. Mwandishi wangu siku hiyo alikuwa Moffat mwenyewe. Nilikuwa mkeka wa tano. Theuri, kwa mpango wa nani sijui, alikuwa mkeka wa nne, karibu kiasi cha kusikia akipumua.

Nilipiga vizuri, nisijinyime. Nilikuwa na siri moja. Zile bendera nne za upepo nilizishona mimi, na ya tatu ilikuwa ya kitambaa kizito, kwa sababu chepesi kilikwisha dukani kwa Saumu. Kwa hiyo upepo ukipungua kidogo tu, ya tatu inalala, na wenzangu wanadhani upepo umekufa. Mimi nilikuwa naiangalia na kusema moyoni, wewe ni mvivu, nakujua. Risasi tisa, nikapata arobaini na mbili. Theuri alikuwa na arobaini na nne. Wengine walikuwa wamemaliza. Watatu walikuwa mbele na hakuna wa kuwashika, na nafasi ya nne ilishikwa na Ngatia, arobaini na sita. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto. Nafasi ilibaki moja: nikipata tano, nampita Ngatia, na naingia ikiwa Theuri hatafikisha tatu. Nikipata chini ya hapo, anaenda Ngatia ama Theuri.

Nikafunga macho, nikapumua, nikafungua. Ilikuwa imekaa sawa. Lakini kichwa changu hakikuwa pale. Kilikuwa jikoni kwa Mama Watiri, kinabishana. *Nikamwambia ni sawa.* Hasira ikanipanda tena, na nikavuta triga kama mtu anayevuta mlango uliokwama.

Nilijua papo hapo. Mkono unajua.

"Kulia," nikamwambia Moffat. "Tatu."

Sekunde hiyo hiyo bunduki ya Theuri ikalia pembeni yangu. Shabaha yangu ikashuka. Yake haikushuka. Tukangoja. Yangu ikapanda, na kisahani kikaonyesha kulia, mahali pa tatu, kama nilivyosema. Halafu, kabla sijatoa pumzi, kikaondoka pale na kwenda kukaa katikati kabisa, kwenye weusi.

Tundu mbili. Moja tatu, moja tano.

"Nimekosea namba," Theuri akasema kwa sauti, bado amelala. "Nimepiga ya jirani."

Watu wakaguna. Ni kosa linalotokea. Shabaha zimepangwa mstari mmoja, zote zinafanana, mtu akipepesa macho anajikuta amepiga ya mwenzake. Wageni hufanya hivyo kila mwezi. Lakini Theuri! Theuri aliyetufunza sote kusoma namba kabla ya kugusa triga!

Moffat akafungua kitabu cha sheria, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

"Aliyepiga shabaha isiyo yake anaandikiwa sufuri," akasoma. "Na mwenye shabaha, tundu zikiwa mbili, anachukua ile ya juu. Warigia, ni tano. Jumla arobaini na saba. Umeingia."

Makofi yakalia. Kutoka kwenye benchi nikamwona Mama Watiri akisimama polepole. Nikageuza shingo nikamtazama Theuri. Alikuwa ananiangalia, na macho yake yalikuwa yamejaa mapenzi mengi kiasi kwamba mwanamke mwingine angelia kwa furaha. Alikuwa amechoma nafasi yake mwenyewe. Tatu tu ingemtosha kwenda Nairobi, na alikuwa ameitupa kwenye shabaha yangu kama mtu anayekurushia koti wakati wa mvua.

Nami nilimpenda sana wakati ule, nasema wazi. Na nilitaka kumnyonga.

"Bwana Moffat," nikasema. "Andika tatu."

"Kitabu kinasema ..."

"Nilikuambia nini kabla haijashuka?"

"Uliniambia kulia, tatu. Lakini kutaja si ushahidi, mwari. Kutaja ni mazoezi tu. Sheria inakupa tano."

"Sheria inanipa ruhusa ya kuchukua. Hainilazimishi. Ile ya kati si yangu. Andika tatu."

Ngatia alikuwa amesimama na mdomo wazi. Moffat akaniangalia juu ya miwani muda mrefu, akafuta kwa raba, akaandika. Arobaini na tano. Nikakusanya maganda yangu ya risasi, nikaenda nyuma ya stoo, na Theuri akanifuata mbio.

"Umefanya nini, Warigia? Umefanya nini?"

"Wewe umefanya nini?"

"Nilikosea namba."

"Sema hivyo tena ukiniangalia usoni."

Akageuza uso. Alikuwa anahema.

"Niliona umevuta vibaya," akasema mwishowe. "Niliona bega imeruka. Nikajua imekwisha, maitu atasema imekwisha, na mimi nitakukosa. Nikaona heri nikose Nairobi."

"Asubuhi ulinisemea. Sasa umenipigia. Kesho utanifanyia nini, Theuri? Utakula chakula yangu uniambie nimeshiba?"

"Nilifanya kwa sababu nakupenda!"

"Najua! Ndiyo maana inauma!" Machozi yakanitoka na yakaniudhi, nikayafuta kwa mkono wenye baruti. "Ni nani aliniambia kule handakini kwamba huruma ndiyo mbaya kabisa? Ningeenda Nairobi na tano yako, kila mtu angenipongeza, na mimi kila siku ningejua. Ningekaa kwa nyumba yako, nizae watoto wako, na tawi limepandwa kwetu kwa risasi ya mtu mwingine. Mimi sitaki. Ukinitaka, nitake na tatu yangu."

"Na sharti ya maitu?"

"Sharti ilikuwa yenu wawili. Mimi sikuwa jikoni."

Mtu akakohoa. Mama Watiri alikuwa amesimama kwenye kona ya stoo, kiondo begani. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Theuri akaivua kofia aliyokuwa hata hajaivaa, mkono ukashika nywele tupu.

"Huyu alikosea ama hakukosea?" Mama Watiri aliniuliza mimi, si yeye.

"Mwulize mwenyewe, Maitu. Mimi simsemei mtu."

Akamgeukia. Theuri akatazama viatu vyake. "Sikukosea, Maitu."

Nikaona afadhali nimalize yote mara moja, maana hasira yangu ikipoa huwa naogopa.

"Maitu, nimeshindwa. Ngatia ndiye anaenda. Lakini bunduki siachi. Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi nitakuwa nimelala pale kwa mkeka, na Jumamosi ile nyingine, na hata nikiwa na mtoto, atakaa na nyanya yake mpaka nimalize risasi kumi. Anayetaka kupanda ithigi kwetu, njia anaijua. Aje akijua hivyo."

"Una mdomo," Mama Watiri akasema.

"Ninao, Maitu."

"Theuri, twende nyumbani." Akapiga hatua tatu, akasimama bila kugeuka. "Umesema saa mbili?"

"Saa mbili."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Theuri hakupita dukani. Nilishona sare za shule hadi Saumu akaniuliza, "Wewe mwana, hicho kitambaa kimekukosea nini mbona wakichoma hivyo?" Nikalia kwenye meza ya kukatia, nikamweleza. Akanipa chai ya tangawizi na mita moja ya kitambaa chepesi. "Kama wataka mambo ya haki, basi na ile bendera yako nzito ukaishone upya," akasema. Saumu hana siri anayoisahau. Nikaishona, na Ijumaa nikaipeleka uwanjani ikatundikwa.

Jumamosi nikafika saa mbili kasoro. Mkeka wa nne ulikuwa mtupu. Moyo ukaniingia baridi, lakini nilikuwa nimesema nitalala pale, nikalala. Moffat akakaa nyuma yangu na penseli yake. Halafu nikasikia benchi likilia, nikageuza jicho: kitambaa cheupe, kiondo mapajani. Alikuwa peke yake. Sikuthubutu kumwuliza mwanawe yuko wapi.

Nikaangalia bendera. Ile ya tatu ilikuwa imelala, nami kwa mazoea ya mwaka mzima nikasema, wewe ni mvivu, nakujua. Nikageuza saiti ya kulengea kushoto, tena sana, kuufidia upepo. Nikapumua. Nikavuta polepole, kama inavyotakiwa.

"Kati," nikamtajia Moffat. "Tano."

Ndipo nikakumbuka. Ile bendera sasa ilikuwa nyepesi kama zile nyingine. Upepo ulikuwa umelala kweli.

Shabaha ikashuka. Ikakaa chini muda mrefu, kama vile mtu anaitafuta inchi kwa inchi, anaitafuta kwa moyo wote. Ikapanda. Kisahani hakikuonekana. Badala yake bendera nyekundu ikatokea, ikapepea kushoto, ikapepea kulia, mbele ya watu wote.

"Umekosa kabisa, mwari," Moffat akasema kwa upole.

Mama Watiri alikuwa amekuja hadi nyuma ya mkeka. "Ile bendera inasema nini?"

"Inasema sikugusa hata ukingo, Maitu."

"Na huyo anaipeperusha hawezi kuonyesha mahali pengine? Si wewe huoni kutoka hapa?"

"Sioni. Angetaka angeonyesha katikati, na mimi ningeamini."

Aliangalia kule mbali, mkono juu ya macho.

"Alishuka huko saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Nilimwambia, ukitaka yule msichana, kaanze upya kama mgeni. Akaniambia ndivyo alikuwa amepanga."

Ile bendera nyekundu ikapepea tena, mara ya pili, kwa nguvu, kama mwenyewe anaogopa sikuiona. Nikaanza kucheka. Nilicheka nikiwa nimelala kifudifudi, shavu kwenye mti wa bunduki, machozi yakilowesha koti la turubai. Mwanamume wangu alikuwa ananitangazia aibu yangu mbele ya Kiganjo nzima, na sijawahi kupendwa vile.

"Basi Jumamosi ijayo usije huku," Mama Watiri akasema. "Kaa nyumbani na mama yako. Tutakuja kupanda ithigi."

Nikarudisha saiti pale ilipotakiwa kuwa, nikapakia risasi ya pili.

"Jumamosi niko hapa, Maitu."

Sikuona uso wake. Nilisikia tu kiondo kikihama kutoka bega moja kwenda lingine, na pumzi ndefu.

"Haya," akasema. "Tutakuja Jumapili, tukitoka kanisa."